Jezi Zionwe Kabla ya Kikao Kufungwa: Kwa Vijana Wapya wa Matangazo ya Mpira, Mtwara na Lindi

Wadogo zangu mlioanza kazi ya matangazo msimu huu, nimekaa nyuma yenu katika mechi kadhaa za hapa Mtwara na kule Lindi, na ninaandika kwa sababu makosa tuliyoyatolea jasho zamani nayaona yanarudi yakiwa mazima. Wiki iliyopita kipa wa timu ngeni alivaa njano, mwamuzi wa kati naye njano, na kila kona ilipopigwa mtangazaji alilazimika kusita kwanza ili ajue ni nani aliyenyoosha mkono. Picha ilikuwa safi na sauti ilikuwa safi, ila mtu aliyekuwa nyumbani kwake Chikongola hakujua anamtazama nani.

Mnapopanga kazi, ufikirieni mchezo wa peintiboli, ule wa kupigana kwa bunduki za vidonge vya rangi. Kila mchezaji amefunikwa uso kwa barakoa, anajikunja nyuma ya kizuizi, waamuzi wanakimbia katikati yao, na mtazamaji anabakiwa na vitu viwili tu vya kumwongoza, yaani rangi na namba. Mpira wa miguu unaoonwa na kamera kuu iliyo juu ya jukwaa, iwe Nangwanda Sijaona au Majaliwa kule Ruangwa, hauna tofauti kubwa na huo, kwa sababu sura za wachezaji hazionekani kabisa mpaka kamera ya pembeni iwavute karibu, na wakati huo bao huwa limeshaingia.

1. Jezi zionwe kwa macho, zikiwa nje ya begi. Sheria ya 4 ya mchezo inataka timu mbili zitofautiane kwa rangi, zitofautiane na waamuzi, na kila kipa atofautiane na wachezaji wengine na waamuzi. Kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, anaijua, mameneja wanaijua, na bado kikao cha maandalizi humalizika kwa maneno matupu.

Katika fainali moja ya vijana nilikuwa msaidizi wa mwongozaji, na kukagua jezi ilikuwa kazi yangu. Meneja mmoja alisema, "Sisi bluu," mwenzake akasema, "Sisi damu ya mzee," nami nikaandika hivyo hivyo kwenye karatasi, kwa kuwa mabegi yalikuwa yamefungwa na watu walikuwa na haraka ya kwenda kula. Nilichokiwaza kichwani ni bluu ya bahari. Timu ilipotoka chumbani ilikuwa imevaa bluu iliyoiva hadi kukaribia weusi, na namba zake zilikuwa za mstari mwembamba wa dhahabu usiojazwa katikati. Kipindi cha kwanza kilipita salama kwa sababu jua lilikuwa bado kali. Mechi yetu ilianza saa kumi jioni, na katikati ya mwaka jua la huku huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, kwa hiyo kipindi cha pili kilichezwa katika mwanga unaofifia, huku kivuli cha jukwaa kikiwa kimelala juu ya nusu ya uwanja. Bluu na damu ya mzee zikawa giza moja. Kona ikapigwa, kundi likaruka, mpira ukaingia, na mtangazaji akaniuliza kwenye kisikilizio, "Nani huyo?" Niliona mgongo mmoja ukiwa umekunjamana, nikasoma 8, nikamtajia jina, na grafiki ikapanda hewani.

Aliyefunga alikuwa namba 3, beki wa pembeni ambaye kazi yake haikuwa ya kufunga mabao. Kabla ya filimbi ya mwisho kipande kile cha video kilikuwa kimeshakatwa na kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kikiwa na jina la mtu mwingine. Kesho yake kijana yule alikuja pale tulipokuwa tukikunja nyaya, jezi yake ameishika mkononi, akaikunjua mbele yangu na kuweka kidole kwenye ile 3, kisha akasema kwa adabu, "Kaka, naomba mnirekebishie jina, nyumbani Mikindani hawaniamini." Tulirekebisha nakala yetu. Nakala zilizokuwa kwenye simu za watu hatukuwa na namna ya kuzifikia, na bado zipo. Kosa lile lilikuwa langu, na lilitendeka asubuhi kwenye kikao, saa nyingi kabla ya mpira kuwekwa katikati. Ndiyo maana nakasirika ninapomwona kijana wa matangazo akitoka kikaoni ameandika rangi ambayo hakuiona.

2. Namba iwe nene, ya rangi moja iliyojaa. Kanuni za FIFA kuhusu vifaa zinataka namba ya mgongoni iwe na urefu wa sentimita 25 hadi 35, na kwa jezi za mistari fundi abandike kwanza kitambaa cha rangi moja, kisha namba juu yake. Arsenal na Chelsea walipotoka na namba mgongoni tarehe 25 Agosti 1928, shida iliyokuwa ikitatuliwa ni hii hii ya mtu wa mbali kumjua mchezaji. Mtazamaji wetu yuko mbali zaidi, kwani wengi hutazama kwa simu, kwa kifurushi kidogo, picha ikiwa imebanwa ili isikwame, na mistari myembamba ndiyo hupotea kwanza.

3. Pigeni picha ya jezi zote kwa simu, zikiwa pamoja juu ya meza, za waamuzi na za makipa zikiwemo, kisha igeuzeni iwe nyeusi na nyeupe. Zikifanana hapo, mwombeni kamisaa abadilishe. Rangi mbili zinaweza kuwa na majina tofauti kabisa na zikawa na mwanga uleule. Na jezi zisipokaguliwa mapema, hata timu kubwa hukwama: katika Kombe la Dunia la mwaka 1978 nchini Argentina, Ufaransa na Hungaria zilifika uwanjani Mar del Plata zote zikiwa na jezi nyeupe, mchezo ukachelewa, na Ufaransa ikacheza na jezi za kuazima za klabu ya mji ule, Kimberley, zenye mistari ya kijani na nyeupe.

Wapo pia watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni takribani mmoja kati ya 12. Kwetu ni wachache zaidi, lakini wapo, na mechi inayotazamwa kuliko zote nchini ni ya timu nyekundu na timu ya kijani. Mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia la mwaka 2018, Urusi kwa nyekundu na Saudi Arabia kwa kijani, ililalamikiwa kwa sababu hiyo. Simba au Yanga wakija kusini, angalieni kwanza mwenyeji wao amevaa nini.

4. Wapigieni simu waamuzi kuhusu jezi zao usiku wa kuamkia mechi, si asubuhi yake, kwa sababu mwamuzi aliyetoka mkoa mwingine na seti moja ya jezi hana pa kupata nyingine. Wanaopasha misuli wavae vizibao, na waokota mipira na wapiga picha wasivae rangi ya timu yoyote.

5. Nyeupe huko juu Newala haimalizi kipindi cha kwanza ikiwa nyeupe, kwa sababu ya ule udongo mwekundu, kwa hiyo mkiwa na nafasi ya kushauri, timu nyeupe ikutane na bluu, isikutane na nyekundu.

6. Kamera zote zisawazishwe rangi kwa karatasi moja nyeupe, na zirudiwe wakati wa mapumziko.

7. Orodha ya wachezaji. Timu za huku huweza kuwa na akina Saidi wawili na akina Hamisi watatu, na mashabiki humjua kila mmoja kwa jina la mtaani ambalo halimo kwenye fomu. Andikeni majina matatu, jina la mtaani, mguu anaoutumia, na alama inayoonekana kwa mbali kama vile viatu vya rangi ya pekee au bandeji ya goti. Jina lenye matamshi ya Kimakonde au Kimwera msilikisie, kwa kuwa mama yake anasikiliza. Nendeni chumbani kabla timu haijavaa, mwombeni mchezaji alitamke, mlisome kwa sauti mbele yake, na akitikisa kichwa mlisome tena mpaka akubali.