Maswali na Majibu: Niliugua Njiani Ingawa Nilikunywa Maji Mengi

Swali: Shikamoo daktari. Mimi na wenzangu tulisafiri kwa baiskeli kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Siku ya kutoka Morogoro kwenda Gairo, mwendo wa kilomita kama 130, nilikuwa nikinywa maji ya chupa kila baada ya dakika chache kama nilivyoshauriwa, na kwa hesabu yangu yalipita lita 9. Tulipoanza kupanda baada ya Dumila, kichwa kilianza kuuma, nikatapika, na pete ikanibana kidoleni. Wenzangu walinihimiza niongeze maji na kunipa vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu. Jioni, zahanati moja ya njiani ilinitundikia dripu baada ya kipimo cha malaria kutoonyesha kitu. Usiku nilikwenda haja ndogo mara nyingi sana, na asubuhi nikaamka mzima. Safari hii ninywe lita ngapi ili yasinikute tena?

Jibu: Marahaba. Katika maelezo yako yote, lililonishtua ni pete. Mwili uliopungukiwa maji hausababishi vidole kuvimba. Hukausha mdomo, huleta kiu kali, na mkojo huwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi. Wewe ulivimba, ukatapika bila kutaja kiu hata mara moja, kisha ukapona baada ya kukojoa usiku kucha. Kwa kuwa hukupimwa sodiamu, yaani chumvi iliyo katika damu, siwezi kuapa, lakini kila dalili inaelekeza kwamba ulikunywa maji kupita kiasi mpaka chumvi ya damu yako ikazimuliwa. Kwa hiyo lita ulizozitaka sitakutajia, maana kunywa kwa ratiba iliyopangwa bila kujali kiu ndiko kulikokuponza.

Kiwango cha kawaida cha sodiamu katika damu ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Mtu aliyetulia nyumbani akinywa maji ya ziada, figo huyatoa bila shida. Lakini mtu anayekanyaga pedali kwa saa nyingi juani, ubongo wake hutoa homoni inayoziamuru figo zibane maji, na kichefuchefu na maumivu huizidisha homoni hiyo. Maji yanayoendelea kuingia hukosa pa kutokea, damu huwa nyepesi, na maji hupenya kwenye seli hadi za ubongo, ambao umefungiwa ndani ya fuvu na hauna nafasi ya kutanuka. Hapo ndipo huanza kichwa kuuma na kutapika, na hali ikizidi, mtu huchanganyikiwa, hupata degedege, na anaweza kufa. Diklofenaki uliyopewa huzipunguzia figo uwezo wa kutoa maji hayo, kwa hiyo wenzako, kwa nia njema kabisa, walikuongezea tatizo kwa mikono miwili.

Si jambo la nadharia. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 walikuta asilimia 13 wakiwa na sodiamu iliyoshuka, na dalili iliyoambatana nayo zaidi ni kuongezeka uzito wakati wa mbio. Walio hatarini zaidi ni wale wa mwendo wa polepole, kwa sababu wana muda mrefu wa kunywa kuliko wa kutoka jasho.

Kunywa unaposikia kiu, acha kiu inapokwisha. Pima uzito asubuhi ukishatoka chooni, upime tena jioni ukiwa na nguo zilezile: mtu wa kilo 70 akipungua kilo moja au zaidi kidogo, hiyo ni kawaida, lakini akiongezeka hata nusu kilo, amekunywa kuliko mahitaji yake. Kula chakula chenye chumvi njiani, iwe karanga, mihogo ya kukaanga au bakuli la supu kwa mama ntilie. Ila usidhani kwamba chumvi ni ruhusa ya kunywa ovyo, kwani vinywaji vingi vya wanamichezo vina sodiamu ya milimoli kama 20 tu kwa lita, na hata ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari anaopewa mgonjwa wa kuharisha, yenye 75, bado ni nyepesi kuliko damu.

Ninaowalaumu hasa ni walimu wa afya wa mitandaoni wanaomwamuru kila mtu, awe mshona nguo aliyekaa kivulini au mwendesha baiskeli, anywe lita kadhaa kwa siku mpaka mkojo uwe mweupe kama maji ya bomba, kisha wanamuuzia unga wa kusafisha figo ambazo hazijawahi kuwa na uchafu wowote. Wengine ni wenye maduka ya dawa wanaotundika dripu kwa kila anayelalamika uchovu. Dripu ya glukosi ya asilimia 5 hubaki maji matupu mara mwili unapoitumia sukari yake, na ile ya chumvi ya asilimia 0.9 nayo inaweza kuizidisha hali kama yako wakati figo bado zimebana. Mgonjwa mahututi wa aina hii hutibiwa kwa chumvi nzito ya asilimia 3, kwa kipimo kidogo, tena hospitalini na mikononi mwa daktari.

Joto la Dodoma linaweza kweli kumkausha mtu, na malaria huanza kwa kuumwa kichwa vilevile, kwa hiyo kupimwa ulikopimwa kulikuwa sahihi. Akiugua mmoja wenu tena, aache kuendesha, asinywe maji matupu mpaka akojoe, na mtazameni vidole na alama za soksi. Akianza kuongea yasiyoeleweka, mpelekeni hospitali yenye maabara, mkamwambie daktari, kabla dripu yoyote haijafunguliwa, kwamba alikunywa maji mengi na mnaomba apimwe sodiamu na sukari.