Kabla Hujabandika Picha Nyingine Ukutani

Wadogo zangu mnaoingia studio mwaka huu, nimezipitia mudibodi zenu zote, zile bodi mnazobandika picha za kuongoza ubunifu wenu. Ni nzuri. Rangi zinapatana, mpangilio umetulia, mtu akiziona atadhani nusu ya kazi imekwisha. Lakini nilipomuuliza mmoja wenu, "Huu mkufu ni wa nani?" alinijibu, "Ni wa Kiafrika." Nikamuuliza mwingine kuhusu maleba, yaani mavazi ya jukwaani, aliyoyaweka katikati kabisa ya bodi yake: yameshonwa kwa nini, yanafungwa wapi, mvaaji anaweza kuinua mkono? Akanitazama kana kwamba swali langu lilikuwa la somo jingine.

Kila kundi jipya linakuja na makosa haya haya, na kila mara nayaeleza kwa mdomo, moja moja, mezani kwa mtu. Safari hii nayaandika. Nawapenda na nataka mfike mbali, kwa hiyo vumilieni nikipandisha sauti.

1. Picha huficha kazi ya mkono. Wengi mmebandika kazi za El Anatsui, mchongaji sanamu wa Ghana. Kwenye simu zinaonekana ni kitambaa cha dhahabu kilichotundikwa, na hivyo ndivyo mlivyozitumia: mkachukua dhahabu, mkachukua mikunjo, mkaenda kutafuta satini inayong'aa. Ile si nguo. Ni vifuniko vya chupa za pombe, maelfu kwa maelfu, vimebanjuliwa, vimekunjwa, vimetobolewa na kuunganishwa kwa waya wa shaba; kazi ya mikono mingi katika karakana yake ya Nsukka, Nigeria. Kwa sababu kila kipande kimefungwa na jirani yake kwa waya, bati linapata tabia ya kitambaa. Tena kazi yenyewe haina umbo moja. Anatsui huwaachia wanaoitundika waamue mikunjo ianguke vipi, hivyo ikihama ukumbi mmoja kwenda mwingine inazaliwa upya. Na vifuniko vile vina yao ya kusema, maana pombe kali ilikuwa bidhaa katika biashara ya Ulaya, Afrika na Amerika, biashara ile ile iliyouza watu.

Sasa pimeni wenyewe. Aliyetazama picha ameondoka na rangi. Aliyesogea karibu ameondoka na namna ya kufunga vitu vigumu vikawa laini, na swali la nani ana haki ya kuamua umbo la mwisho. Kwa hayo mawili mtu anaweza kubuni kiti, vazi, hata hatua za dansi. Mkipata nafasi ya kusimama mbele ya kitu chenyewe, simameni. Mkiikosa, tafuteni picha ya mgongo wake: bangili ina upande wa ndani, mkufu una kifungo, kinyago kina kamba.

2. Uliza ni nani anayekivaa, na lini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa niliumia.

Katika miaka yangu ya mwanzo nilipewa kazi ya maleba ya onyesho la dansi. Hadithi ilikuwa ya msichana anayekataa kuozwa, na jamii yake ilikuwa ya kubuni, haina jina wala ramani. Nilikuwa nimeona picha za zamani za wanawake wa Kizulu waliovaa isicholo, ile kofia pana yenye rangi ya udongo mwekundu inayotanuka kuelekea juu na nyuma ya kichwa. Umbo lile lilinishika. Lilikuwa na fahari na mamlaka, na mimi nilitaka msichana wetu awe na mamlaka. Nikalichora, nikatengeneza fremu nyepesi, nikaizungushia uzi mwekundu. Mwongozaji akaipenda. Mpiga picha akaipenda. Hakuna aliyeniuliza swali, nami sikujiuliza.

Siku ya mazoezi ya mavazi walialikwa wageni wachache. Tulipomaliza, mama mmoja mzaliwa wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, alinifuata nyuma ya jukwaa. Hakuwa amekasirika. Aliuliza tu: "Mwanangu, huyu binti anayekataa kuolewa, mbona tayari ameolewa?"

Isicholo ni kofia ya mwanamke aliyeolewa. Kwa anayeijua, msichana wangu aliingia jukwaani akiwa mke wa mtu, kisha akacheza kutoka mwanzo hadi mwisho akipinga jambo lililokwisha kutendeka. Nilikuwa nimeivunja hadithi kabla hajapiga hatua ya kwanza. Na nilijitetea. Nilimwambia mama yule kwamba jamii yetu ni ya kubuni. Bado naisikia sauti yangu ikisema hivyo, na bado inaniuma, kwa sababu nilikuwa namweleza mtu kwamba alichovaa mama yake na bibi yake hakina maana pale nilipokichukua mimi. Jamii ya kwenye jukwaa ilikuwa ya kubuni. Watu waliokaa kwenye viti hawakuwa wa kubuni.

Kilichonikaa zaidi moyoni ni habari ya mchezaji. Tangu tulipoanza kujaribu kofia alikuwa akilalamika shingo. Nilimwambia atazoea. Kofia pana namna ile inadai kichwa kisimame wima, nayo nilimpa mtu anayetakiwa kukimbia, kujirusha na kubiringika. Mwili wake uligundua kosa kabla yetu sote, ukasema waziwazi, nami nikaunyamazisha kwa sababu mchoro wangu ulikuwa umekwisha kusifiwa. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Ninyi mkisikia mchezaji anasema "hapa panabana," simamisheni kazi hapo hapo na mwambieni aonyeshe ni katika hatua ipi.

Mama yule, Mungu ambariki, alikubali kukaa nami. Alinieleza kwamba isicholo ilianza kama nywele zenyewe: mwanamke alizikuza, zikatengenezwa na kutandazwa kwa mafuta na udongo mwekundu, na baadaye ndipo ikawa kofia ya kuvaa na kuvua, nyuzi au nywele zikishonewa juu ya fremu ya kusukwa. Kwanza ilikuwa sehemu ya mwili, kisha ikawa kitu cha kuvua. Nilikuwa nimehangaika na umbo, kumbe utajiri wote ulikuwa katika safari hiyo.

Tuliiacha kofia. Kwa muda uliobaki tulitumia nywele za mchezaji mwenyewe, tukazisuka pamoja na kamba, na katika kila sehemu ya onyesho wanawake wengine waliongeza kamba mpya, mzigo ukikua, hadi pale yeye anapoanza kufumua mwenyewe, polepole, muziki ukiwa umenyamaza. Tuliomba ruhusa ya mama yule kulitaja jina lake katika kijitabu cha onyesho, akakubali. Hakuna Mzulu angeiita kazi ile ya Kizulu, na haikuwa. Ilikuwa kazi yetu, imezaliwa kutokana na swali tulilofundishwa na mtu anayejua.

Mkitaka kuona isicholo ikitumika ipasavyo, tazameni kazi ya mbunifu wa maleba Ruth E. Carter katika filamu ya Black Panther ya 2018. Alimvisha malkia Ramonda taji lililotokana na kofia hiyo, likatengenezwa kwa printa ya 3D akishirikiana na mbunifu Julia Koerner. Mbinu ni mpya kabisa, na nchi ni ya kubuni kama ile yangu, ila aliyevaa ni mama wa mfalme. Maana imefika salama pamoja na umbo. Carter alipata Oscar ya maleba mwaka 2019, na alistahili.

3. Kitazame kikitembea, kisikilize pia. Nick Cave, msanii wa Marekani, alitengeneza vazi lake la kwanza la Soundsuit, yaani "vazi la sauti," mwaka 1992 kwa vijiti alivyookota, akiwa na uchungu wa kupigwa na polisi kwa Rodney King, Mmarekani mweusi. Alidhani anatengeneza sanamu. Alipolivaa na kusogea likaanza kulia, na jina likatoka hapo. Vazi linamfunika mwili mzima, hujui ni mweusi au mweupe, mwanamume au mwanamke. Unasikia tu kwamba yupo. Ukiona picha za mavazi yake ya baadaye ukachukua rangi na manyoya, umeacha kazi yote nyuma.

Vivyo hivyo kola za shanga za wanawake wa Kimaasai. Kwenye mudibodi ni duara la rangi. Katika ngoma zinapanda na kushuka mabegani kwa mapigo ya wimbo, na mwili ndio unaozipigisha. Mtu anayebuni mkufu bila kujua utalalia wapi mvaaji akicheka au akiinama, anabuni mkufu wa sanamu ya dukani. Oskar Schlemmer wa Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, aliligeuza jambo hili juu chini katika Balleti ya Utatu, iliyoonyeshwa Stuttgart mwaka 1922: maleba yalikuwa mazito na ya maumbo makali, na ndiyo yaliyoamua mchezaji asogee vipi. Mnaweza kukubali njia yake au kuikataa. Msichoweza ni kusahau kwamba vazi na hatua vinaamuliana. Halafu pimeni uzito, jamani. Mizani ipo pale kwenye meza ya kukatia.

4. Fuata malighafi hadi bandarini. Nimesoma maelezo yenu yanayosema shanga hizi zimevaliwa "tangu enzi na enzi." Shanga za kioo zinazovaliwa na Wamaasai zilifika kwa biashara, nyingi zikitoka Ulaya, Venice na Bohemia, kabla yake kulikuwa na mbegu, mifupa, magamba na chuma. Hilo haliwapunguzii Wamaasai chochote. Linaonyesha watu wenye jicho kali waliochukua kitu kigeni wakakitia sheria zao hadi dunia nzima ikadhani kimeota pale. Yinka Shonibare, msanii Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, amejenga kazi nyingi juu ya mshangao wa namna hii: vitenge anavyovitumia, ambavyo kila mtu huviona vya Kiafrika, vilianza Waholanzi walipoiga batiki ya Indonesia kwa mashine na kuiuza Afrika Magharibi. Mbunifu anayejua hayo ana mambo ya kusema. Asiyejua anabaki na maua tu.

5. Ya haraka haraka. Chora kwa mkono hata kama mchoro ni mbaya. Andika chini ya kila picha: jina, mahali, mwaka, malighafi. Usirundike picha za mavazi tu ikiwa unabuni vazi. Nenda kwa wafinyanzi, kwa waashi, kwa wapiga ngoma. Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya, huinua vyungu vyake kwa mkono bila gurudumu, anavisugua hadi ving'ae, anavichoma bila kuvipaka utandu wa kioo, na ukisimama mbele yake unaona shingo, bega na mgongo wa mtu. Kwa anayeshona, hilo ni darasa zima la mistari ya mwili.

6. Taja majina na lipa. Mnaandika "mtindo wa Kindebele" wakati kazi mliyobandika ni ya Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, ambaye alifundishwa uchoraji huo na mama yake na bibi yake, na mwaka 1991 akachora gari la BMW, mwanamke wa kwanza katika mfululizo huo wa magari ya sanaa. Ana jina. Msiseme pia kwamba urithi wa jamii hauna mwenyewe. Panama ilipitisha Sheria namba 20 mwaka 2000 kulinda haki za watu wa asili juu ya ubunifu wao, na mola, vile vitambaa vya tabaka vinavyokatwa na kushonwa na wanawake wa Kiguna, watu wa asili wa nchi hiyo, vinalindwa chini yake. Kwa hiyo bajeti yenu iwe na mstari wa mshauri kabla ya mstari wa kitambaa. Mtu akikupa maarifa saa tatu, hizo ni saa tatu za kazi.

7. Akikataa, amekataa. Yapo mapambo ya jando, ya msiba, ya uganga, ambayo wenyewe hawataki yaonekane jukwaani. Usimzungukie mwingine wa jamii hiyo hiyo hadi upate atakayesema ndiyo. Mshukuru, toa picha kwenye bodi, na umuulize kama kuna jambo jingine ambalo angependa watu walione. Mara nyingi lipo. Anasubiri tu mtu amuulize, na ukiwa na daftari wazi mbele yake ataanza kukuchorea mwenyewe.