CD-ROM Inayoonekana na Kupotea

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu ya zamani ya Windows 98, ninapoiwasha katika DOS (mfumo wa zamani wa amri za maandishi) kwa draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya OAKCDROM.SYS, mara huitambua CD-ROM, mara haiitambui. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, draiva hiyo hupakiwa na faili ya CONFIG.SYS, inayosomwa kompyuta inapowaka, kisha programu ya MSCDEX.EXE, inayoanzishwa na faili ya AUTOEXEC.BAT, hukipa kifaa herufi yake (kama D: au E:). Jina linalofuata alama ya /D:, kwa mfano MSCD001, sharti lifanane katika faili zote mbili. Lakini jina likitofautiana kifaa hakipati herufi hata siku moja, na kwa kuwa chako huonekana baadhi ya siku, mimi ninashuku waya kabla ya draiva. Zima kompyuta, chomoa umeme, uchomeke upya utepe wa IDE (waya bapa unaounganisha CD-ROM na ubao mkuu) wenye matundu 40 katika ncha zote, na uhakikishe kwamba vifaa viwili vilivyo kwenye utepe mmoja havikuwekewa jampa (kibanio kidogo cha kuchagua nafasi ya kifaa) vyote katika nafasi ya Master au vyote katika nafasi ya Slave. Kosa hili nimelikuta mara nyingi.

Ikiwa CD-ROM yako imeunganishwa kwenye kadi ya sauti badala ya IDE, huenda si ya ATAPI (kiwango cha CD-ROM za IDE), nayo itahitaji draiva ya mtengenezaji wake.