Kadi Inayokunjwa Badala ya Kuandikwa

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni karani mstaafu, niliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Mwenzangu wa zamani wa ofisini, Myahudi aliyehamia Uingereza na mumewe, huniandikia barua kila mwaka, na safari hii ameniarifu kwamba jamaa wa sinagogi lao wanachangisha fedha za kujenga jipya, kwa sababu la zamani limewabana na paa linavuja. Ndani ya bahasha ametia kadi yake ya mchango ili nione wanavyochangishana. Kadi hiyo haina mistari ya kujaza kama kadi zetu za harambee. Jina lake limekwisha kuchapishwa juu, na pembezoni mna ndimi ndogo za karatasi, kila ulimi na kiasi chake: pauni 18, 36, 180, hadi 1,800, mtoaji huambiwa akunje ulimi mmoja, basi. Nyuma yake mna kisanduku cha kutia alama kwa walipa kodi. Kwa nini wakunje wasiandike? Na mimi Mwislamu, nikitaka kumtumia chochote kwa ajili ya urafiki wetu, kitapokewa? Nikisema ni cha dirisha, nitajuaje kwamba hakitaishia kwenye mapazia?
Bi. M., Kisauni

JIBU: Bi. M., ahsante kwa kunieleza kadi hiyo kwa makini hivyo. Kadi za namna hiyo hugawiwa zaidi usiku wa kuamkia Siku ya Upatanisho, ambayo Wayahudi huifunga kwa muda wa takriban saa 25 bila chakula wala maji. Huo ndio usiku ambao sinagogi hujaa kuliko usiku mwingine wowote, maana hata yule ambaye hakuonekana mwaka mzima huja kusikiliza Kol Nidre, tamko linalofungua ibada ya usiku huo, na mwenyekiti yeyote mwenye busara hujua kwamba hadhira kama hiyo hataipata tena hadi mwaka ujao. Tatizo ni kwamba siku hiyo, kama ilivyo kwa Sabato, sheria yao inakataza kuandika na inakataza kushika fedha. Kuandika kumo katika orodha ya kazi 39 zilizokatazwa. Kutamka ahadi ya sadaka si kosa, kwani Talmudi, mkusanyo wao wa kale wa mijadala ya sheria, imeruhusu tangu zamani kugawa mafungu ya sadaka kwa maneno siku ya Sabato. Basi kilichobaki ni kutafuta njia ya kuiweka ahadi kwenye karatasi bila wino, na kukunja ulimi wa kadi si kuandika. Ziko jamii nyingine zinazotumia kibanio cha karatasi, ambacho mtu hukisogeza mpaka kwenye kiasi anachokitaka. Ndiyo maana jina huchapishwa mapema. Pasipo jina, mweka hazina angebaki usiku wa pili, baada ya futari, na rundo la kadi zilizokunjwa asijue amdai nani.

Hizo 18 zako, nazo, si bei iliyokosewa na mchapaji. Wayahudi huhesabu herufi kama sisi tunavyohesabu kwa abjadi: neno lao la uhai lina herufi mbili, moja ni 8 na ya pili ni 10, na katika abjadi ya Kiarabu herufi hizo zina thamani zile zile. Hata neno lenyewe ni ndugu wa “hai” yetu. Kwa hiyo mtu hutoa 18 au kizidisho chake, kama mzee wa hapa anavyoandika 786, hesabu ya herufi za Bismillahi, juu ya daftari la duka.

Lakini jambo ambalo ningependa ulizingatie zaidi ni kwamba ulimi ukishakunjwa, hilo ni deni. Katika sheria yao ahadi ya sadaka huhesabiwa kuwa nadhiri, nayo Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inamwonya aliyeweka nadhiri asikawie kuitimiza. Kwa sababu hiyo wachaji wengi wanapoahidi huongeza maneno “bli neder”, yaani “bila nadhiri”, ili mambo yakiharibika wasiwe wamevunja kiapo. Usiifananishe na ile inshallah ya mtu ambaye tayari anatafuta mlango wa kutokea. Kwao ni tahadhari ya mtu anayeliogopa neno lake mwenyewe. Nami ninaisema habari hii kwa uchungu kidogo. Niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati ya kujenga chuo mtaani kwetu, na daftari la ahadi ninalo hadi leo, kurasa mbili zimejaa majina ya watu walioahidi mifuko ya saruji kwa kipaza sauti, wakapigiwa makofi na vigelegele, na mbele ya majina mengi safu ya “amelipa” ni tupu.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Iwapo unaruhusiwa kutoa kwa upande wa dini yetu, hilo muulize kadhi au imamu wa msikiti wako, kwa maana mimi si mtu wa kutoa fatwa. Kwa upande wao jawabu ni la zamani sana, na linampendeza mtu wa pwani kulisoma. Katika Talmudi, kwenye kitabu kiitwacho Arakhin, imetajwa habari ya Mwarabu mmoja, jina lake Shaazrak, aliyetoa taa kwa sinagogi la mwanachuoni wao Rav Yehuda. Hakuna aliyeuliza kama taa ya mtu asiye Myahudi ipokewe. Hilo lilikwisha kupita. Ugomvi ulitokea pale mtu mmoja alipoipeleka taa hiyo kwenye matumizi mengine, naye mwanachuoni mwingine, Rava, akakasirika. Kanuni inayotajwa hapo ni kwamba maadamu jina la mtoaji bado linatajwa pamoja na kitu chake, kisibadilishwe matumizi. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa: mtoaji atapiga kelele aseme, mimi nimeweka taa kwa ajili ya sinagogi, nao wameiuza wajinufaishe.

Kwa hiyo, Bi. M., kuhusu dirisha na mapazia una haki ya kuuliza, na hao wenzetu wamekuwa wakilijadili swali lako kwa zaidi ya miaka 1,500. Kwetu Mombasa, mji uliojaa wakfu, kanuni hii haihitaji kufafanuliwa. Mafakihi husema sharti la mweka wakfu ni kama andiko la sheria. Ushauri wangu ni kwamba uandike kusudio lako waziwazi katika barua itakayofuatana na fedha, wala usilitaje dirisha kama kiasi ulichonacho hakitoshi hata fremu. Ukisema “kwa mfuko wa ujenzi”, umewaachia wajenzi nafasi ya kununua misumari bila kukuvunjia ahadi. Lile sanduku la nyuma ya kadi usilitie alama hata kidogo. Serikali ya Uingereza huongeza peni 25 juu ya kila pauni 1 inayotolewa kwa shirika la hisani na mtu anayelipa kodi huko, na wewe hulipi kodi huko, kwa hiyo alama yako itakuwa tamko la uongo na rafiki yako ndiye atakayeulizwa. Kabla hujatuma, uliza pia ada ya benki, kwa maana pauni 18 zikikatwa njiani zinaweza kufika zikiwa hazina tena ule uhai.

SWALI: Wayahudi wakijenga sinagogi jipya, la zamani hulifanya nini? Wanaweza kuliuza likawa ghala au duka?
Msomaji, Likoni

JIBU: Wanaweza kuliuza, ila fedha zake hazitembei ovyo. Mishna, yaani maandiko ya sheria ambayo Talmudi huyafafanua, katika kitabu cha Megilla, imepanga ngazi: wenyeji wakiuza sinagogi, kwa fedha hizo wanunue sanduku la kuhifadhia Torati, wakiuza sanduku, wanunue vitambaa vya kuifungia, wakiuza vitambaa, wanunue vitabu vitakatifu, wakiuza vitabu, wanunue Torati. Safari ni ya kupanda tu, wala hairuhusiwi kushuka. Fedha za sinagogi la zamani zikiingia katika jipya hazijashuka, kwa hiyo katika ujenzi wa namna hii nyumba ya kwanza mara nyingi ndiyo mchangiaji mkubwa wa ile ya pili. Vilevile mnunuzi amekatazwa kuligeuza jengo hilo kuwa majengo ya aina fulani, hasa bafu na kiwanda cha ngozi.

Ila pana sharti moja ambalo kamati yoyote ya ujenzi, iwe ya dini gani, ingefaa ilisome kabla ya kumwita mwenye tingatinga. Kitabu cha Bava Batra, kimoja cha vitabu vya Talmudi, kinasema mtu asibomoe sinagogi mpaka ajenge lingine. Wakauliza: na kama fedha zimekwisha kukusanywa? Wakajibiwa kwamba huenda likatokea jambo la kukomboa mateka, fedha zikaenda huko. Na kama matofali yamekwisha kupangwa na boriti zimekwisha kuchongwa? Hata hivyo, kwa ajili ya mateka yatauzwa. Nyumba iliyokwisha kusimama ndiyo ambayo watu hawaiuzi. Utaona basi kwamba hata kule ambako kusudio la mchango linalindwa kwa ukali nilioueleza hapo juu, uhai wa mtu aliyetekwa hupita mbele ya ukuta.

Jengo lenye nyufa lilipewa ruhusa ya kubomolewa kwanza, kwa kuwa linaweza kuwaangukia watu. Rav Ashi, mmoja wa wanachuoni wa Talmudi, aliliona sinagogi la mji wake, Mata Mehasya, lina nyufa, akalibomoa; kisha akakipeleka kitanda chake papo hapo kwenye ujenzi, akalala hapo, wala hakukiondoa mpaka mifereji ya maji ya paa ilipofungwa. Nimewafahamu wenyeviti wengi wa kamati za ujenzi, na sikumbuki hata mmoja aliyehamishia kitanda chake kwenye kiwanja.

SWALI: Je, majina ya matajiri waliochangia sinagogi huandikwa ukutani, na hilo si kujionyesha?
M. A., Tudor

JIBU: Huandikwa, na mjadala wake hauishi. Rambam, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12, katika ngazi zake nane za sadaka, aliiweka juu sana ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Rashba, mwanachuoni wa Barcelona, katika karne ya 13, aliulizwa kuhusu mtu aliyetaka jina lake liandikwe mlangoni mwa sinagogi alilolitoa, na wengine wakapinga. Akajibu kwamba inafaa, kwa kuwa kumtangaza mtenda mema huwavuta wengine. Lakini kabla yake, sakafu ya vijiwe vya rangi ya sinagogi la kale la Hammat Gader, karibu na Ziwa la Galilaya, ilikwisha kuandikwa kwa Kiaramu majina ya waliotoa pamoja na kiasi walichotoa, na waumini walikuwa wakikanyaga juu yake. Mimi naona mahali hapo panafaa kuliko ukutani.

SWALI: Hapa Kenya Wayahudi wako wapi? Na sinagogi lingejengwa Mombasa, lingeelekea wapi?
Mwanafunzi, Majengo

JIBU: Sinagogi linalojulikana zaidi nchini liko Nairobi, karibu na makutano ya Uhuru Highway na University Way. Jamii hiyo ilianza mwaka 1904, ikapata jengo lake la kwanza miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na jengo la sasa likazinduliwa mwaka 1955. Kwa majirani zetu wa Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, jamii ya Waafrika wanaoifuata dini ya Kiyahudi, ambao mwanzo wao ni kiongozi wa kijeshi Semei Kakungulu mwaka 1919. Nao walifungua sinagogi jipya kwenye kilima cha Nabugoye mwaka 2016, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilichangwa na Wayahudi wa ng’ambo.

Kuhusu mwelekeo, sanduku la Torati huwekwa upande wa Yerusalemu. Kutoka Mombasa, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, na Yerusalemu iko kaskazini vilevile, ikiegemea magharibi kwa nyuzi sita au saba tu. Fundi aliyezoea kupima kibla ya misikiti ya hapa angeizungusha kamba yake kidogo sana.