Kuomba udaktari: walinikataa mara ya kwanza, na walikuwa na haki

Mdogo wangu, umeuliza mambo manne kwa pumzi moja: barua ya maombi iandikweje, kama ni kweli wanafunzi wa udaktari hawalali, kama mtu anayehangaika na kemia anaweza kumaliza, na ununue stetoskopu gani. Wengi wamekujibu "komaa tu, utaweza". Mimi nimehitimu miaka miwili iliyopita, sasa niko kazini, na kabla ya kuingia nilikataliwa. Nitakujibu kwa kirefu. Ukichoka, malizia kesho.

Nianze na huko kukataliwa. Barua yangu ya kwanza ilifunguka hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuvaa koti jeupe." Usicheke, huenda na yako inaanza hivyohivyo. Ikaendelea kueleza ninavyopenda kusaidia watu. Kwenye usaili walikaa watatu, na mmoja wao, mama mtu mzima, mpole kabisa, akaniuliza: mara ya mwisho umekaa na mgonjwa lini, na mliongea nini? Sikuwahi. Ningesema sijawahi, pengine tungeendelea vizuri. Badala yake nikatunga. Nikasema nilimuuguza jirani mwenye kidonda cha kisukari. Akaniuliza kidonda kilikuwa wapi. Nikajibu, bila hata kumeza mate, "begani". Kidonda cha kisukari kwa kawaida hushika miguu, maana huko ndiko hisia zinakofifia na damu haifiki vizuri. Mtu anakanyaga msumari hajui. Yule mama hakunibishia. Aliandika maneno mawili matatu, akageuza karatasi, na mimi nikajua safari imeishia pale.

Mwaka uliofuata nilijitolea kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sikuwa na cheo. Nilisukuma viti vya magurudumu, nilibadilisha mashuka, nililisha. Kulikuwa na bibi mmoja aliyepooza upande, kila nikimlisha anafunga mdomo. Nikadhani hanipendi. Muuguzi akapita, akanitazama kidogo, akasema: "Kaa chini. Umemsimamia, anaona una haraka." Nikavuta kiti, macho yangu yakawa usawa wa macho yake, na akala. Taratibu, nusu bakuli, lakini akala. Barua yangu ya pili ilikuwa na tukio hilo moja, pamoja na kukiri kwamba kwa wiki tatu nilikuwa nalisha watu vibaya bila kujua. Nilipita.

Kwa hiyo barua yako, mdogo wangu, isianze na ndoto. "Napenda kusaidia watu" anaisema kila mwombaji, na mwalimu anasaidia watu, na fundi bomba anasaidia watu. Andika ulichokiona kwa macho yako, ulichokosea na ulichobadilisha. Kama hujawahi kukaa na mgonjwa, funga hiyo barua, kakae naye kwanza, hata wiki chache. Kuna wanaoenda wakarudi wakasema hii kazi siiwezi, na hao wamejiokolea miaka.

Usaili wenyewe siku hizi vyuo vingi wameuvunja vipande. Unapita vituo, kila kimoja dakika chache: hapa unampa mtu habari mbaya, pale unaeleza ungefanya nini ukimkuta mwenzako amelewa akiwa zamu. Mtindo huo ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, miaka ya mwanzo ya 2000. Uzuri wake ni kwamba ukiharibu kituo kimoja unaanza upya kinachofuata. Ubaya wake ni kwamba majibu ya kukariri yanaonekana mapema, kwa sababu kila anayekusaili ni mtu mpya na ameyasikia kwa wengine kumi kabla yako.

Kuhusu miaka: nchi nyingi unaingia moja kwa moja kutoka sekondari unasoma miaka 5 au 6. Marekani kwa kawaida unamaliza kwanza shahada nyingine, unafanya mtihani unaoitwa MCAT, ndipo unaanza udaktari wa miaka 4. Ukihitimu hujamaliza, maana kuna mafunzo ya kazini, na ukitaka ubingwa ongeza miaka mingine. Piga hesabu ya ada, lakini piga pia hesabu ya miaka ambayo wenzako wanapokea mshahara na wewe bado unaomba nauli nyumbani. Hilo la pili ndilo lililonichoma zaidi.

Ukishapokelewa, kachanje homa ya ini aina ya B mapema. Ratiba ya kawaida ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Vyuo vingi havikuruhusu kugusa wagonjwa bila hiyo, na miezi hiyo sita haiharakishwi kwa kubembeleza.

Sasa maisha ya ndani. Mwaka wa kwanza na wa pili ni anatomia, fiziolojia, biokemia, na harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inayokufuata hadi kitandani. Siku ya kwanza mbele ya maiti kuna watakaozimia, kuna watakaocheka ovyo kwa woga, na kuna watakaoshangaa kwamba wamesikia njaa. Mimi nilikuwa wa kundi la tatu, nikaona haya kwa wiki nzima. Baadaye niligundua nusu ya darasa walikuwa hivyo hivyo, wote wamenyamaza.

Masomo yenyewe, kwa kweli, kila kipande kimoja kimoja si kigumu. Mfupa wa kifundo cha mkono una jina, mtoto wa shule ya msingi angeweza kulishika. Tabu ni kwamba mifupa ya hapo ni 8, ya mwili mzima wa mtu mzima ni 206, na kila mfupa una misuli, neva na mishipa yake, na mtihani ni Ijumaa. Nilipiga msuli kwa mtindo wa sekondari, yaani kusoma desa, zile notsi, toka mwanzo hadi mwisho, kupigia mistari kwa rangi, kulala nimeridhika. Nikapata sapu ya anatomia, yaani nilifeli nikalazimika kurudia mtihani. Hermann Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885, kwa kujipima yeye mwenyewe, kwamba ulichojifunza leo kinavuja haraka sana siku za mwanzo usipokirudia. Mistari ya rangi haizuii kuvuja. Kilichoniokoa ni kufunga daftari na kujiuliza: chora neva za mkono kutoka shingoni, bila kutazama. Unachora, unakosea, unafungua, unaona aibu mbele yako mwenyewe, unarudia keshokutwa. Dakika 40 za namna hiyo zilinifaa kuliko mkesha mzima.

Na kuna siku desa linageuka mtu. Nilikariri kwamba kuna neva upande wa kushoto inayoshuka kifuani, inapinda chini ya upinde wa aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, halafu inapanda tena hadi kwenye kisanduku cha sauti. Njia ya kijinga kabisa, nilijisemea, nani aliyeipanga. Miaka miwili baadaye akaja mgonjwa ambaye shida yake ilikuwa sauti kukwaruza kwa miezi. Koo lake halikuwa na jeraha. Picha ya kifua ikaonyesha uvimbe, pale pale neva inapopindia. Sijaisahau tena na sidhani kama nitaisahau.

Wodini ndiko mambo yaliponibana. Tulikuwa sita, daktari bingwa ametuweka kuzunguka kitanda cha mzee mmoja mwenye mnong'ono wa moyo, ile sauti inayotokea damu ikipita kwenye vali iliyobana au isiyofunga sawasawa. Tukasikiliza kwa zamu. Wa kwanza akaitikia kwa kichwa. Wa pili, wa tatu, hivyo hivyo. Zamu yangu ikafika, nikaweka stetoskopu kifuani: kimya. Acha mnong'ono, hata mapigo yenyewe sikuyasikia, kama nimesikiliza ukuta. Nikaitikia kwa kichwa kama wenzangu.

Yule mzee akanitazama kutoka kwenye mto, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kizungushe hicho kichwa. Umekifunga."

Stetoskopu nyingi zina kichwa cha pande mbili, na sauti hupita upande mmoja kwa wakati. Unakizungusha hadi kinagonga kidogo. Mzee alikuwa ameshasikilizwa na wanafunzi wengi kiasi kwamba alikijua kifaa kuliko mimi. Bingwa hakucheka. Aliwageukia watatu walionitangulia akauliza nani amesikia kweli. Mkono mmoja tu ukainuka. Akasema, "Haya, sasa tuanze," akatufundisha upya: weka kidole kwenye mshipa wa shingo huku unasikiliza, uone sauti inakuja pamoja na pigo au baada yake. Siku hiyo nilisikia mnong'ono wangu wa kwanza, kwa sababu tu mgonjwa alinifichua.

Tazama sasa. Kule kwenye usaili nilitunga kidonda, na miaka minne baadaye nikatunga sauti ya moyo. Watu watakuambia udaktari unahitaji akili nyingi. Akili ya kawaida inatosha. Kinachowaangusha watu wenye akili zao, mimi nikiwa mfano, ni kushindwa kutamka "sijasikia", "sijui", "nirudie". Ukizoea kuitikia kwa kichwa ukiwa mwanafunzi, siku moja utaitikia ukiwa umeshika sindano.

Na sindano ina habari yake. Mwenzetu mmoja alijichoma baada ya kumtoa mgonjwa damu. Aliosha kidole, akanyamaza, akijua atasemwa kwa uzembe. Tulikuja kujua kesho yake jioni kwa kuwa hakula. Ukichomwa unaosha kwa maji na sabuni, hukamui, na unaripoti saa hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na unazitumia siku 28. Tulimkokota hadi kwa msimamizi. Alisemwa, ndiyo, dakika tano nzima. Akapewa dawa, akamaliza, vipimo vyake vikatoka salama. Lile karipio hata yeye mwenyewe leo halikumbuki vizuri.

Kulala: utalala, ila hutachagua saa. Miaka ya mwanzo anayekesha kila siku mara nyingi ni yule asiyepanga, nami nilikuwa mmoja wao. Miaka ya wodini zamu za usiku ni za lazima, na asubuhi raundi, yaani kupitia wagonjwa na bingwa kitanda kwa kitanda, inakusubiri na maswali yake. Ndugu na marafiki watakuona unaringa; waambie ratiba yako mapema, na uende kwenye shughuli chache ulizoahidi kweli. Mchumba anayesoma kitu kingine atahitaji subira ya mtume. Kuhusu afya ya akili, usipuuze: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti za nchi zaidi ya 40, ulikadiria kwamba karibu asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari wana sonona au dalili zake. Hao ni zaidi ya mmoja kwa kila wanne. Mwaka wa tatu nilikuwa mmojawapo. Nilikuwa naamka saa tisa usiku, natazama dari, nikidhani nimekuwa mvivu tu. Nilichelewa miezi mitano kwenda kwa mshauri wa chuo kwa sababu ile ile ya kuitikia kwa kichwa: kila aliyeniuliza "vipi, unaendeleaje?" nilimjibu "poa".

Kemia. Unahitaji ufaulu wa kukuingiza, hilo halina ujanja, na kila chuo kina masharti yake, soma ya mwaka unaoomba na si aliyokuambia kaka yako. Lakini ukishaingia, biokemia ni muhula au mihula michache, na inapita kwa mtindo ule ule wa kufunga daftari na kujiuliza. Mtu wa kwanza kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kwenye darasa letu alikuwa bingwa wa kemia tangu sekondari. Hakuwahi kuuliza swali hata moja. Namkumbuka amekaa mstari wa mbele, mikono imekunjwa.

Stetoskopu ya bei kali usinunue sasa. Subiri uanze kusoma wodini, kisha nunua ya kawaida iliyo imara, andika jina lako kwenye mpira wake maana zinapotea. Chombo chenyewe, kama hujui, kilizaliwa na aibu: mwaka 1816 René Laennec, huko Paris, aliona haya kulaza sikio kwenye kifua cha mwanamke kijana, akakunja karatasi kama bomba, akashangaa kusikia moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu. Na kabla hujakiweka kwenye kifua cha mtu, gonga kile kiwambo, ule utando bapa wa kichwa chake, taratibu kwa ncha ya kidole. Ukisikia mlio, kiko wazi. Usiposikia, zungusha.