Wadogo zangu mnaounga kompyuta ya gemu, someni lebo kabla ya kulipa

Orodha za vipuri ninazoletewa nizipitie zinanipa homa. Juu kabisa kuna prosesa ya kutamba, katikati kadi ya picha iliyoandikwa nusu jina, halafu mwisho, kama kitu kilichokumbukwa mlangoni, "pawa saplai 600W". Hiyo ndiyo inayogawa umeme kwa kompyuta nzima. Ya nani? Modeli gani? Hakuna. Mwenye orodha ana haraka, pesa inamuwasha, anachotaka ni niseme "poa" akalipe. Sisemi. Pesa ya kudunduliza ikishaishia kwenye kitu kibovu hairudi, na mwenye bajeti ndogo ndiye hasa asiye na nafasi ya kukosea. Kaeni basi niwapangie kwa namba. Sauti ikipanda mjue ni mapenzi.

1. Skrini kwanza. Mtu akiniuliza "kadi gani nzuri?" namrudishia swali: skrini yako ni ipi, na unacheza nini? Skrini ya 60Hz inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, basi; kadi ikitoa fremu 200, nyingi huzioni. Kama maisha yako ni Valorant na CS2, prosesa ndiyo itakayokubeba, maana gemu hizo ni nyepesi kwa kadi. Kama unataka Cyberpunk 2077 na za aina yake, kadi ndiyo bwana. Ipe theluthi ya bajeti, na hata ikifika nusu sikulaumu. Ukinunua skrini ya 144Hz, ingia kwenye mipangilio ya Windows uiweke 144 kwa mkono wako. Namjua mtu aliyekaa na yake miezi ikiwa kwenye 60, huku akiwasimulia wenzake jinsi picha ilivyo laini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia, ikabidi nimwambie mimi.

2. Kadi ya picha: soma jina hadi herufi ya mwisho. Hapa ndipo wengi wanapopigwa. GTX 1060 ya 3GB na ya 6GB hazitofautiani memori peke yake. Ya 3GB ilipunguzwa kori pia (vitengo vya kuchakata picha), 1152 badala ya 1280. GT 1030 yenye memori ya GDDR5 inapitisha data 48GB kwa sekunde, yenye memori ya DDR4 haifiki hata 17, na zote mbili zinauzwa kwa jina lilelile. RX 580 ikiongezewa "2048SP" si ile uliyoiona kwenye video za majaribio. Ile ina kori 2304. RTX 3050 ya 6GB ni dhaifu kuliko ya 8GB, ingawa ina heri yake: nyingi hazihitaji waya wa umeme, zinatosheka na wati za sloti.

Inayoniuma zaidi ni RX 6500 XT, kwa sababu wanaoikimbilia ni walewale wenye mazabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) za zamani. Kadi hiyo, iliyotoka 2022, inawasiliana na mazabodi kwa njia nne tu za PCIe (mfumo wa sloti ya kadi). Kwenye bodi ya PCIe 4.0 inavumilika. Kwenye bodi ya PCIe 3.0 kasi ya njia hizo inashuka hadi nusu, na kwa kuwa memori yake ni 4GB, gemu ikizidi hapo data inalazimika kwenda na kurudi kwenye RAM (memori ya kazi ya kompyuta) kupitia njia hizohizo. Ndipo unaona picha inakwamakwama, unaanza kuilaumu prosesa, unabadilisha prosesa, na picha inaendelea kukwama.

Kadi za mtumba sizikatazi. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi, Septemba 2022, kadi nyingi sana zilizokuwa zikichimba zilirudi sokoni, na kadi iliyochimba si maiti. Muombe muuzaji aifungue GPU-Z, programu inayosoma kadi, mbele yako, linganisha kori na aina ya memori na ulichoahidiwa, kisha aiendeshe kwa gemu nzito nusu saa huku unasikiliza feni. Akisema hana muda, na wewe mwambie huna pesa.

3. Prosesa. Ryzen 5 5600 au i3-12100F zinatosha kabisa kwa mwanzo, acheni kuota i9. Ryzen 5 5500 inafanana kwa jina, lakini kashe yake ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ni 16MB wakati 5600 ina 32MB, na inaishia PCIe 3.0. Herufi F kwa Intel maana yake prosesa haina sehemu yake yenyewe ya kutoa picha, kwa hiyo bila kadi huoni kitu. Na kwa jina la Mungu, kebo ya HDMI inachomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi.

4. RAM: vijiti viwili vya 8GB, si kimoja cha 16GB. Kama sloti ni nne, viweke ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uwashe XMP au EXPO (mpangilio wa kuifikisha RAM kwenye kasi yake) kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows), la sivyo umelipia kasi ya 3200 na unatumia pungufu.

5. Pawa saplai. Hapa sitaharakisha.

Kwanza lebo. Namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwenye boksi iache, geuza saplai ubavuni utafute mstari wa +12V. Prosesa na kadi zinakula hapo. Zidisha ampea zake kwa 12. Saplai ya "600W" yenye ampea 25 kwenye +12V ina wati 300 za kukufaa. Zilizobaki ni mapambo. Nembo ya 80 Plus nayo inazungumzia ufanisi, yaani umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haikuhakikishii kwamba saplai itajizima mambo yakiharibika.

Sasa sikilizeni habari ya kijana mmoja. Huyu alikuwa msikivu kuliko wengi wenu. Saplai yake ya kwanza ilikuwa inalia kama mbu kila gemu ikifunguka, akaambiwa abadilishe, akadunduliza, akanunua saplai nzuri ya kampuni nyingine, nayo ya waya za kuchomoa. Kila kitu sawa. Kasoro ilikuwa moja: waya za diski za ile ya zamani alikuwa ameshazipanga nyuma ya kasha, amezifunga kwa vibano, zimenyooka vizuri ajabu. Akaona ni dhambi kuzifumua. Akatoa saplai ya zamani, akaziacha waya pale pale, akachomeka vichwa vyake kwenye saplai mpya. Viliingia bila kulazimisha. Akabonyeza swichi, feni zikastuka, zikasimama, ikaja harufu.

Nilipofika alikuwa amekaa sakafuni, boksi la saplai mpya kando yake na waya zake halisi za diski zingali ndani ya mfuko. Nikachukua moja ya waya za zamani, nikaichomeka kwenye saplai mpya ikiwa peke yake, nikapima kichwa cha Molex (kile cha pini nne cha vifaa kama diski) kwa mita. Tundu la 5V lilikuwa linatoa volti 12. Kiwango cha ATX (kanuni za vipimo vya vipuri vya kompyuta) kinasema kichwa cha upande wa mazabodi, kadi na diski kiweje. Upande wa saplai yenyewe kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na wakati mwingine modeli mbili za kampuni moja hazifanani. Kichwa kinaweza kuingia vizuri na umeme ukaenda kusikotakiwa.

SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ilikufa hapo hapo. Diski ya kawaida, iliyokuwa na picha zote za familia na kazi zake za shule, ilikaa kimya nayo. Bahati yake diski nyingi zina diodi ya ulinzi kwenye bodi yao. Diodi ilijitoa mhanga, fundi akaiondoa, diski ikazunguka kwa muda wa kutosha kunakili picha. Mazabodi na kadi zilipona kwa sababu waya zao alizibadilisha. Alizoacha ni za diski tu, kwa ajili ya unadhifu. Kijana yule hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia, na maboksi mengi hayaandiki onyo hili mahali pa kuonekana. Sasa nyinyi mmeambiwa: saplai ikitoka, waya zake zote zinatoka nayo.

6. Yaliyobaki. M.2, ile ya SSD bapa, ni umbo la sloti tu, ndani yake inaweza kuwa SATA au NVMe (njia mbili tofauti za kuzungumza na mazabodi). Hakikisha mazabodi inakubali uliyonunua. AM5 (soketi ya prosesa za AMD), iliyokuja 2022, inakula RAM ya DDR5 peke yake. Mazabodi za B450 (za prosesa za AMD) zilizokaa stoo muda mrefu zinaweza kuhitaji BIOS mpya kabla ya kuitambua Ryzen 5000. Anayekuuzia kompyuta ya ofisini yenye i7 ya kizazi cha nne akuambie pia kwamba Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na prosesa hiyo haimo kwenye orodha ya Windows 11. Bandua nailoni iliyo chini ya kipoozi cha prosesa kabla ya kukifunga. Ndiyo, hata wewe, angalia tena.

Na siku ya kuwasha, kama ni AM5, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza. Mazabodi inajifunza RAM yako. Usizime, usichomoe kitu, usinipigie simu ukilia kabla ya robo saa. Ikipita hapo na bado giza, chomoa kijiti kimoja cha RAM, jaribu kingine, halafu nipigie.