Mnunuzi amebaki na cheti

Ndugu, umeuliza: mchoro wa ukutani wa Sol LeWitt, msanii wa Marekani, ukipakwa rangi juu yake, aliyeununua amebaki na nini? Amebaki na mchoro wake uleule. Hakununua ukuta. Alinunua cheti na maelekezo: mistari ya aina gani, ielekee wapi, kwa penseli au rangi ipi. Akihama nyumba, wa zamani unafutwa, unachorwa upya kwingine, na mchoraji si lazima awe LeWitt. Mchoro wake wa kwanza wa ukutani LeWitt aliuchora mwenyewe New York mwaka 1968. Maonyesho yalipokwisha, ukapakwa rangi. Mwaka 2008, yeye akiwa amekwisha fariki, wasanii na wanafunzi walimaliza michoro yake 105 katika jumba la sanaa la MASS MoCA huko Marekani.

Fikiria utenzi: choma karatasi, utenzi haujaungua maadamu yupo anayeujua.

Ila mimi hapo hucheka kidogo. Wasanii wa aina ya LeWitt walitaka wazo liwe kubwa kuliko kitu, lakini sokoni mtu asiye na cheti hauzi. Kitu kilitolewa mlangoni kikarudi kupitia dirishani, safari hii kikiwa karatasi ndani ya sefu.